Mashine Kuukuu ya MIG: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Hitilafu Zake

Mashine nyingi za MIG, zile za kuchomelea kwa waya na gesi, zinazoletwa karakana kwetu, hapa Dar es Salaam, huja na hukumu tayari: "Bodi imekufa, fundi." Mwenye nayo ameshaambiwa hivyo na jirani, ameshazunguka Kariakoo siku nzima akitafuta bodi (sahani ya vifaa vya kielektroniki) ya mashine iliyotengenezwa zamani, na amekosa. Tunaiwasha, tunabadilisha tipu ya bei ya soda, inachoma. Si mara zote, lakini imetokea mara nyingi kiasi cha kunifanya niyapange majibu haya kwa utaratibu ninaoufuata mwenyewe: naanzia kwenye ncha ya tochi, yaani ule mpini unaotoa waya na moto, narudi nyuma nikifuata waya, gesi na umeme. Kifuniko cha mashine nakifungua mwisho.

Ninazozungumzia ni zile nzito za transforma, nyingi zikiwa mitumba ya Ulaya, zenye swichi ya kuzungusha ya kuchagulia nguvu na mahali pa kusimamisha mtungi nyuma. Inveta, zile nyepesi za kielektroniki, zina magonjwa yake, nitazigusa kidogo tu.

Nianze kukagua wapi kabla sijashika bisibisi?

Zima mashine, vua nozeli (kikombe cha mbele ya tochi), tazama tipu. Ni ile ncha ndogo ya shaba ambako waya hutokea. Tundu lake linatakiwa liwe duara. Likishalika likawa kama yai, waya unagusa shaba mara upo mara haupo, umeme unarukaruka, na moto unasikika kama bisi zinazopasukia kwenye sufuria. Ubavuni mwa tipu pameandikwa ukubwa kwa milimita: 0.6, 0.8, 1.0. Ulingane na waya wako. Ukipewa ya 1.0 kwa waya wa 0.8 kwa sababu ndiyo iliyobaki dukani, itachoma, ila utaanza kulaumu vitu visivyo na hatia.

Kisha klampu ya erthi, kile kibanio kinachoshika chuma unachochoma. Hakuna kinachodharauliwa kama hiki. Choma mshono wa dakika moja, zima, halafu sogeza kiganja taratibu karibu na klampu, kwenye kiungo cha kebo, na pale kebo inapoingia kwenye mashine. Penye joto kuliko pengine ndipo penye ugonjwa. Sisi wa pwani tuna adui wa ziada: hewa ya chumvi. Ukichana ganda la kebo karibu na klampu unaweza kukuta nyuzi za shaba zimekuwa kijani na zinavunjika kama biskuti. Kata urudi nyuma mpaka upate shaba inayong'aa, bana upya na kiungo cha saizi yake. Na pale unapobana klampu piga grinda kwanza. Rangi na kutu havipitishi umeme.

Waya unajazana kwenye rola kama tambi. Nikaze rola?

Hapana, usikaze kwanza. Tambi maana yake rola zinasukuma vizuri ila mbele pamekwama. Ukikaza zaidi, tambi zitakuwa nyingi zaidi.

Fanya hivi. Kata waya uliojikunja, ingiza upya mpaka utokee kwenye tochi, nyoosha kebo ya tochi sakafuni, ondoa tipu, inua mkono wa rola ili waya uwe huru. Sasa vuta waya kwa koleo kutokea upande wa tochi. Unatakiwa uje kwa ulaini, karibu utumie vidole viwili tu. Ukija vizuri bila tipu lakini ukagoma ukirudisha tipu, mwizi ni tipu. Ukigoma hata bila tipu, jaribu kuzungusha bobini, gurudumu lililobeba waya, kwa mkono. Ikiwa ngumu, breki yake imekazwa mno. Bobini ikiwa nyepesi na waya bado unakwaruza, basi ni laina.

Laina ni ule utumbo wa springi ndefu ndani ya kebo ya tochi. Kila mita ya waya inayopita inaacha unga wa shaba na kutu humo, na baada ya bobini kadhaa unga unakuwa kama uji mkavu. Kila unapobadilisha bobini, toa tipu upulize kwa kompresa yenye hewa kavu. Vaa miwani, maana kitakachotoka hukipendi. Usiweke mafuta hata tone. Nimeona mafundi wanatia mafuta ya cherehani ili waya uteleze. Unateleza kweli, kisha unayabeba mafuta mpaka kwenye moto, na mshono unatoka vitundu.

Laina ikikunjika au ikichakaa, badilisha. Rangi ya ganda lake inakuambia saizi: bluu kwa waya wa 0.6 hadi 0.9, nyekundu kwa 1.0 hadi 1.2, njano kwa 1.2 hadi 1.6. Aluminiamu inataka laina ya tefloni. Kosa la kawaida ni kuikata fupi. Ikikosa kufika nyuma ya kishikio cha tipu, waya unapata uwazi, unajipinda hapohapo, na wewe unarudi kwenye tambi zako.

Basi rola zikazwe kiasi gani?

Ondoa klampu ya erthi kwenye kazi, yaani chuma unachochoma, elekeza tochi kwenye ubao mkavu ukiwa umeacha kama sentimita 5, bonyeza triga, kitufe cha kwenye tochi. Waya unatakiwa ugonge ubao, ujikunje, uendelee kutoka. Ukisimama na rola zinateleza juu yake, kaza nusu mzunguko. Waya ukitoka umebapa au una alama za meno, umezidisha. Hakikisha pia waya umekaa kwenye mfereji wake. Rola nyingi zina mifereji miwili ya saizi tofauti, na mtu akiifunga kinyume, waya wa 0.8 unalala kwenye mfereji wa 1.0 ukiteleza siku nzima. Mfereji wa V ni wa chuma, wa U ni wa aluminiamu, wenye meno ni wa waya wenye unga ndani.

Waya unayeyuka na kuganda kwenye tipu kila nikianza.

Moto unakula waya haraka kuliko unavyoletwa. Ongeza mwendo wa waya kwanza. Ikikataa, rudi kwenye jaribio la kuvuta kwa mkono, maana waya unaosita nusu sekunde tu unatosha kurudisha moto kwenye tipu. Angalia pia mkono wako: umbali kutoka tipu hadi kazi uwe kama milimita 10 hadi 12. Anayeanza huwa anasogeza tochi mpaka nozeli inabusu chuma.

Ikitokea unapomaliza mshono na si unapoanza, ndani ya mashine nyingi kuna kinobu kidogo cha kuchelewesha kuzimika kwa umeme baada ya waya kusimama. Kipunguze.

Waya una kutu juu juu. Nautumia?

Kutu ya vumbi, toa mizunguko ya juu utupe, endelea. Kutu iliyochimba, tupa bobini nzima. Inauma, najua, hasa bobini ya kilo 15. Lakini itaua laina na tipu, na utalipa mara tatu. Msimu wa masika usiache bobini ndani ya mashine usiku. Itoe, ifunge kwenye mfuko wa plastiki.

Mshono unatoka vitundu kama mkate wa kumimina. Gesi ipo.

Gesi ipo kwenye mtungi. Swali ni kama inafika kwenye moto. Inua mkono wa rola waya usitembee, bonyeza triga, weka sikio karibu na nozeli. Usiposikia pumzi, fuata njia ya gesi kurudi nyuma. Ndani ya mashine kuna valvu ya umeme, nayo husikika "tak" ndogo unapobonyeza. Isiposikika, pima kama umeme unaifikia. Ikisikika na gesi haitoki, imeziba.

Kuna mashine ililetwa ikiwa imekaa stoo kwa miezi. Mwenyewe alikuwa ameshanunua valvu mpya, imo mfukoni. Nikachungulia mdomo wa kuingizia gesi kule nyuma, nikaona rangi ya udongo. Nyigu alikuwa amejenga humo, amepiga lipu safi kabisa, na ndani amewaweka buibui wake kwa ajili ya watoto. Nilitoa kwa msumari. Tangu siku hiyo kila mdomo wa gesi usiotumika naufunga kwa tepu.

Kama pumzi inasikika, tafuta inapochanganyikana na hewa. Nozeli iliyojaa matone ya chuma inapindisha gesi, safisha. Kiungo cha tochi na mashine kina pete ndogo za mpira, nazo zikikauka zinavuta hewa kimyakimya. Paka povu la sabuni kwenye viungo vyote vya mpira wa gesi utafute mapovu. Feni ya karakana na upepo wa baharini pia vinapeperusha gesi, kwa hiyo kinga kwa bati au turubai. Mtiririko uwe lita 10 hadi 15 kwa dakika. Usidhani ukifungua hadi 25 utapata kinga maradufu. Gesi ikikimbia kupita kiasi inajizungusha kwenye nozeli na kuingiza hewa, vitundu vinabaki palepale na mtungi unaisha.

Mwisho, chuma chenyewe. Rangi, mafuta, kutu na zinki ya mabati vyote hutoa vitundu hata mashine ikiwa mpya ya kutoka kwenye boksi.

Saa ya mtungi wa CO2 ilikuwa juu jana, leo gesi imeisha. Nimeibiwa?

Huenda hukuibiwa. Ndani ya mtungi CO2 hukaa kama kimiminika, na mgandamizo wake hufuata joto, si kiasi kilichobaki. Kwenye nyuzi 20 ni kama bar 57, kwenye nyuzi 30 ni kama bar 72, maadamu bado kuna kimiminika ndani. Saa inaanza kushuka kimiminika kikishaisha, na hapo safari imefika mwisho. Kujua kilichobaki, pima uzito. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye bega lake. Hii ndiyo njia ya kujua kama umejaziwa sawasawa pia, pima mbele ya muuzaji. Mchanganyiko wa agoni ni tofauti: saa yake inashuka polepole kadiri unavyotumia.

Mtungi wa CO2 usimame wima siku zote. Ukiulaza, kimiminika kinaingia kwenye regyuleta, kile kifaa cha kupunguza mgandamizo kwenye mdomo wa mtungi.

Regyuleta inaota barafu na gesi inakatikakatika.

CO2 ikitanuka inapoa sana. Ukichoma mfululizo, unyevu unaganda ndani na kuziba. Baadhi ya regyuleta zina hita, na nyuma ya baadhi ya mashine kuna soketi ya umeme mdogo, mara nyingi volti 36, kwa ajili yake. Wengi hawajui ni ya nini na wameichomolea nyaya. Kama huna hita, punguza mtiririko na pumzika. Usiipashe kwa moto wa gesi.

Waya unatoka vizuri lakini hakuna moto kabisa.

Hapa kuna njia mbili za umeme ndani ya mashine, na inafaa uzitenganishe kichwani. Mota ya waya, valvu ya gesi na bodi hula umeme mdogo kutoka transforma ndogo. Umeme wa kuchomelea unapita kwingine: swichi ya kuchagua nguvu, kontakta, transforma kubwa, diodi (zinazogeuza umeme wa AC kuwa DC), kisha tochi na klampu. Kwa hiyo waya ukitembea, bodi yako kwa sehemu kubwa ni nzima. Waache wanaoilaumu.

Weka mita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye tipu, nyingine kwenye klampu, inua mkono wa rola, bonyeza triga. Mashine nyingi za aina hii zitakupa kati ya volti 17 na 40 kulingana na swichi. Ukipata volti lakini ukigusa chuma hakuna moto, rudi kwenye klampu na viungo vya kebo. Kuna mahali pamegusana kwa uzi mmoja.

Usipopata volti, sikiliza kontakta. Ni swichi kubwa ya sumaku, na inapofunga inapiga "tak!" ya kusikika chumba kizima. Ikiwa kimya, pima kama koili yake inapata umeme. Nyingi ni za volti 24, lakini soma kilichoandikwa juu yake. Umeme ukifika na haivuti, koili imekatika au kuna kitu kimekwama. Niliwahi kumtoa mjusi kafiri aliyekauka katikati ya meno ya kontakta, mwembamba kama karatasi. Mashine ilifanya kazi dakika ileile.

Kontakta ikifunga na bado hakuna volti, zungusha swichi ya kuchagua nguvu namba moja baada ya nyingine ukipima. Baadhi ya namba zikifanya kazi na nyingine zikifa, swichi imeungua. Chanzo karibu daima ni mtu kuizungusha huku anachoma. Achia triga kwanza, ndipo uzungushe.

Asubuhi inachoma vizuri, jioni moto unakuwa dhaifu na kutema.

Mashine haijaugua, umeme wa mtaani umeshuka. Transforma haina akili ya kujisahihisha kama inveta. Kinachopungua kwenye plagi kinapungua kwenye tochi kwa uwiano uleule. Ukitakiwa kupata volti 230 ukapata 190, palipokuwa na volti 20 za kuchomelea panabaki 16.5 hivi, na hapo waya unagonga chuma bila kuyeyuka vizuri. Pima kwenye soketi wakati unachoma, si wakati imepumzika.

Kebo ya kuongezea nayo inakula. Chukua ya mita 30 yenye nyaya za milimita za mraba 1.5: kwenda na kurudi ni mita 60 za shaba, ukinzani kama omu 0.7. Ukivuta ampea 20, volti 14 zinapotelea njiani na kugeuka joto. Kwa nyaya za 2.5 zinapotea 8 na ushee. Na usiiache imezungushwa kwenye gurudumu lake, joto likikosa pa kutokea ganda linayeyuka.

Umeme ukiwa sawa muda wote na moto bado dhaifu, kwenye mashine ya fezi tatu kagua kama fezi moja imekatika: fyuzi, plagi, meno ya kontakta. Kwenye fezi moja, shuku diodi.

Ukitaka kujua mashine inatoa kinachostahili, kuna hesabu ya viwanda ya MIG: volti ni 14 kujumlisha ampea mara 0.05. Kwa ampea 100 unatarajia volti 19 wakati moto unawaka, kwa 150 ni 21.5.

Diodi nazipimaje?

Chomoa plagi ukutani. Kapasita zikiwepo, zile kopo ndefu, zimalize umeme kwa kuunganisha balbu ya lori ya volti 24 mpaka izimike. Usizipige shoti kwa bisibisi kama wanavyofanya vijana ili waone cheche. Inatafuna bisibisi na inaumiza kapasita. Na kama mashine ni inveta, simama hapo: kapasita zake hubeba volti zaidi ya 300 na zinaua.

Tenganisha diodi na nyaya za transforma, la sivyo mita itasoma koili na kukudanganya. Weka mita kwenye alama ya diodi. Upande mmoja isome kama 0.4 hadi 0.7, ukigeuza ncha isisome kitu. Ikilia pande zote, imepiga shoti. Isiposoma pande zote, imekatika. Iliyokatika inafanya moto uwe wa kutetemeka, iliyopiga shoti inaangusha breka.

Unapobadilisha, usiangalie ukubwa tu. Diodi mbili zinaweza kufanana kama mapacha huku moja chanya iko kwenye mguu wa skrubu na nyingine iko juu. Soma mshale uliochorwa ubavuni. Paka krimu ya kupitisha joto chini yake, kaza vizuri.

Inaangusha breka.

Wakati gani? Ikiangusha mara mojamoja na ukirudisha inafanya kazi, huo ni mkupuo wa transforma kubwa inapoamka. Breka ya aina ya B huachia kwenye mara 3 hadi 5 ya kiwango chake, ya aina ya C kwenye mara 5 hadi 10, na C ndiyo inayofaa kwa mashine hizi. Usipandishe ampea za breka bila kupandisha unene wa nyaya za ukutani.

Ikiangusha kila ukibonyeza triga, tenganisha nyaya zinazotoka transforma kubwa kwenda kwenye diodi, ufunike ncha zake, ujaribu tena. Isipoangusha, tatizo ni diodi au kapasita. Ikiendelea, koili la transforma lenyewe. Kwa jaribio hili mimi hutumia balbu ya mfululizo: balbu ya zamani ya nyuzi ya wati 100 kwenye waya mmoja wa kuingilia. Ikimulika kidogo kisha ikafifia, koili ni zima. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti. Balbu za LED hazifai, kwa hiyo ukiipata ya nyuzi itunze.

Nikibonyeza triga hakuna kinachotokea. Feni inazunguka tu.

Kwenye kebo ya tochi kuna nyaya mbili nyembamba za triga, na hukatika karibu na mpini pale kebo inapokunjwa kila siku. Chomoa tochi, gusisha pini mbili ndogo za triga kwenye soketi ya mashine kwa kipande cha waya. Mashine ikiamka, ugonjwa uko kwenye tochi.

Isipoamka, tafuta fyuzi ndogo ya kioo ya sakiti ya umeme mdogo. Kisha mota: tenganisha nyaya zake, ipe betri ya gari ya volti 12. Ya volti 24 itazunguka polepole, na hiyo inatosha kukuambia ni nzima. Isipozunguka, toa makaa (brashi) yake uone kama yamebaki kitu.

Hapa sasa ndipo bodi inapofikiwa. Hata hivyo, kabla ya kuihukumu chukua kioo cha kukuzia utazame risasi ya kulehemu kuzunguka miguu ya vifaa vikubwa. Ukiona kamstari ka duara kama ufa kwenye sahani, risasi imeachia kwa sababu ya mtikisiko wa miaka. Iyeyushe upya. Kagua na rilei, swichi ndogo za sumaku za kwenye bodi. Nusu ya bodi "zilizokufa" ninazozifungua zina moja ya hayo mawili.

Nimeachia triga, waya bado unatoka.

Angalia kwanza swichi ya mbonyezo mara mbili. Kwenye hali hiyo unabonyeza kuanza na unabonyeza tena kuzima, ndivyo ilivyoundwa. Kama siyo, triga imekwama au rilei ya bodi imeungana. Kama waya umesimama lakini ncha bado inatoa cheche ukigusa chuma, meno ya kontakta yameyeyukiana. Badilisha kontakta. Ukiyachonga kwa msasa unanunua wiki mbili tu.

Inazima yenyewe baada ya dakika chache, kisha inarudi.

Hiyo ni swichi ya joto inayokulinda. Bamba la mashine huonyesha asilimia ya kazi kwa kipindi cha dakika 10: ikiandikwa 20% kwa ampea 150, maana yake unachoma dakika 2 na kupumzika 8 kwa nguvu hiyo. Ikizima mapema kuliko hapo, puliza vumbi ndani na kagua feni. Unga wa grinda hunata kwenye koili kama blanketi, nao unapitisha umeme. Weka grinda mbali na upande mashine inapovuta hewa. Na asikushauri mtu kuunganisha moja kwa moja swichi ya joto.

Nimenunua mtumba, nikiichomeka inanguruma tu bila nguvu.

Soma bamba kabla ya kubadilisha plagi. Mashine kubwa za Ulaya zenye plagi nyekundu ya pini tano ni za fezi tatu, volti 400. Mtu akikata plagi hiyo na kufunga ya nyumbani, utapata mngurumo tu. Baadhi zina kibao cha viungo ndani cha kuhamisha kati ya 230 na 400. Mchoro wake mara nyingi umebandikwa nyuma ya kifuniko.

Za Marekani zina mitego miwili. Ndogo nyingi ni za volti 120, ukizichomeka kwenye 230 moshi utakuwa wa haraka. Zile za 230 zimeundwa kwa umeme wa hezi 60, wetu ni 50, kwa hiyo chuma cha transforma kinabebeshwa zaidi na kuchemka mapema. Inafanya kazi, ila ipumzishe zaidi.

Naweza kutumia waya usiohitaji gesi?

Unaweza, ukigeuza nyaya. Waya wa kawaida wenye gesi unataka tochi kwenye chanya. Waya usio na gesi unataka tochi kwenye hasi, na klampu kwenye chanya. Karibu na rola kuna nati mbili zenye alama za + na −, hapo ndipo pa kubadilishia. Usipogeuza, itatema kama imelishwa pilipili. Mashine nyingine kuukuu hazina sehemu hiyo.

Kwa nini wengine huita "CO2" na wengine MAG?

Njia ya kwanza ya waya na gesi ilitoka Marekani mwaka 1948, kwa aluminiamu na gesi isiyoungana kikemia na chuma. Hiyo ndiyo MIG halisi. Mwaka 1953 wataalamu wa Kisovieti Lyubavskii na Novoshilov walionyesha kuchomelea chuma kwa CO2, gesi ya bei nafuu, na hiyo kwa jina sahihi ni MAG. Kwa hiyo fundi anayesema "mashine ya CO2" amekosea kidogo kuliko anayemcheka.

Kuna hatari nisizozijua?

Moja hasa. Usisafishe chuma kwa dawa ya kusafishia breki yenye klorini kisha ukachoma. Mwanga wa moto hugeuza mvuke wake kuwa gesi ya fosjini, yenye sumu kali. Chumba kilichofungwa na CO2 inayovuja nacho ni hatari, gesi hiyo ni nzito na hukaa chini. Na kwenye gari, chomoa betri kabla ya kuanza.

Itengenezwe au iuzwe chuma chakavu?

Transforma ikiwa nzima, tengeneza. Kontakta, diodi, laina na tipu havichagui kampuni, na tochi yenye kiungo cha Ulaya unaipata ya jina lolote. Koili likiungua, utajua kwa harufu ile kali ya vanishi na rangi nyeusi, hapo uliza kwanza bei ya kusuka upya. Shaba inasukwa, koili la aluminiamu mimi humwambia mwenyewe aachane nalo.

Nimejaribu yote, naileta. Nije na nini?

Njoo na tochi yake, klampu yake, bobini iliyokuwemo na kebo ya kuongezea unayotumia. Wengi huja na boksi tupu kwa sababu tochi ni nzito kubeba kwenye bodaboda. Inafungwa na tochi yangu, inachoma vizuri, wanairudisha nyumbani, na kesho asubuhi simu inaita.